Sura ya Saba: Mabano Matupu

Tangu juzi muuguzi alikuwa akisema maneno yale yale, na hilo ndilo lililomkosesha Shangazi raha.

Mwongo huongeza chumvi kila anaposimulia upya. Huyu hakuongeza hata punje. Alikaa upande wa pili wa meza, viatu vyake vimetolewa kamba, mikono kaipakata kama mtu anayesubiri zamu yake ianze, akasema tena alichokwisha kusema.

"Tuanze mwanzo, Sista," alisema Shangazi. "Mgonjwa kaletwa jioni."

"Nilimpokea mimi. Ni fundi cherehani, ana kidonda mguuni kimetunga usaha. Nikamuuliza kama kuna dawa inamkataa. Akaniambia penisilini, ilishawahi kumzimisha akiwa mdogo. Nikaandika kwenye tableti, printa ikatoa utepe mwekundu, nikamfunga mkononi."

"Asubuhi yake?"

"Nilimpima uzito. Daktari aliutaka ndipo apige hesabu ya dawa. Nikauandika. Basi."

"Basi?"

"Basi, Shangazi. Uzito tu."

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, na jina hilo alipachikwa na makoplo kwa sababu alihoji watu kama shangazi anavyomhoji binti aliyechelewa kurudi nyumbani: polepole, kwa upole, bila kukuachia pa kutokea. Kesi nyingi alizimaliza hivyo. Hii ilikuwa inamkwepa.

Yaliyofuata baada ya huo uzito yalijulikana. Fundi cherehani alihamishiwa wodi nyingine. Kule walimtolea utepe mpya, na printa ikatoa mweupe, ule wa mtu asiye na mzio wa dawa yoyote. Mhudumu akaukata mwekundu akautupa. Daktari wa zamu akaangalia kioo cha kompyuta, hakuona onyo, akaagiza sindano ya penisilini. Kabla bomba la sindano halijapoa koo la mgonjwa lilikuwa limevimba. Sasa alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa mashine, na mumewe alikuja kituoni siku ile ile akanyoosha kidole: "Ni yule nesi."

Mfumo wa hospitali ulikubaliana naye. Mtu wa mwisho kugusa kumbukumbu za mgonjwa kabla ya sindano alikuwa muuguzi huyu, na alipomaliza kuzigusa, mahali pa mzio palikuwa patupu. Tena wiki moja nyuma daktari yule yule alikuwa amemshtaki kwa matroni kwamba anachelewa kazini. Kwa wakubwa wa Shangazi hapo palikuwa na kila kitu: chuki, nafasi na alama ya kidole. Alifuta onyo makusudi ili daktari aharibikiwe.

"Hilo jalada si limeshaiva, Afande?" Koplo aliuliza walipotoka nje. Alikuwa kijana mkimya mwenye mwandiko mzuri, ndiyo maana Shangazi alitembea naye.

"Limeungua, halijaiva. Mtu anayetaka kumuua mgonjwa kwa kufuta aleji, kwa nini aiandike kwanza?" Alifunga mkanda wa gari. "Kati ya kidole chake na ile kumbukumbu kuna kitu. Twende tukakione."

* * *

Mkuu wa mifumo wa hospitali aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamume nadhifu, shati limenyooshwa hadi mikunjo ya mikono inakata, na alikuwa na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Aliwakalisha, akawaagizia chai, akageuza kioo cha kompyuta upande wao.

"Hifadhidata yetu haina majedwali kama zile za zamani," alisema. "Kila mgonjwa ana waraka wake mmoja. Ukiufungua, unaona kila kitu chake hapa hapa."

Waraka wa fundi cherehani ulijitokeza. Shangazi alivaa miwani. Alitegemea kuona mambo ya kutatanisha, lakini alichokiona alikisoma bila msaada wa mtu: jina la kitu, nukta mbili, halafu thamani yake. Umri. Wodi. Uzito. Na mstari mmoja chini yake:

"mzio": []

"Hayo mabano ya mraba ni nini?"

"Ni orodha. Dawa zinazomkataa huandikwa humo ndani. Kama hamna kitu, basi hana mzio."

"Na muuguzi ndiye aliyefanya pakawa hamna kitu."

"Mfumo unasema hivyo, Shangazi. Mimi siwezi kuongeza wala kupunguza."

Shangazi aliinuka. "Basi niandikisheni mimi. Niwe mgonjwa. Nina aleji ya kweli, nyuki wakiniuma nafura kama andazi. Andikeni hivyo, halafu nipimeni uzito, mfanye kila kitu kama alivyofanya Sista."

Mkuu hakusita hata kidogo. Baadaye Shangazi angekumbuka jinsi alivyokubali upesi. Waliteremka mapokezi, wakamwita muuguzi mwingine, naye akaandika mzio wa nyuki kwenye tableti. Printa ikatoa utepe mwekundu. Shangazi akavua viatu, akapanda mzani.

"Koplo, geuka huko ukutani."

"Nimegeuka, Afande."

Muuguzi alisoma namba, akaiandika, akabonyeza. Walirudi kwenye kioo. Uzito ulikuwepo, tena kwa herufi nyeusi zisizo na huruma. Na chini yake: nyuki. Hapakuwa na kilichofutika.

"Unaona," Mkuu alisema kwa upole. "Ukipima uzito, uzito ndio unaobadilika. Nasikitika kwa ajili ya yule dada. Lakini mashine haina chuki na mtu."

Shangazi alimshukuru, akavaa viatu. Alikuwa amekuja kumtoa mtu rumande, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemkazia kitanzi.

* * *

Walikuwa wameshafika kwenye maegesho waliposikia hatua za mbio nyuma yao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa sweta zito katika joto la saa nne asubuhi. Shangazi alikuwa amemwona ndani, ameinama nyuma ya kioo kwenye kona ya chumba cha kompyuta chenye baridi kali, hakusema neno. Wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa katika kazi yake hakuwahi kusahau hata nukta moja.

"Shikamoo, Shangazi. Jaribio lenu halikuwa la haki," alisema akihema.

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kwa sababu mmejaribu fanksheni ya leo. Sista alitumia ya wiki iliyopita."

Shangazi alimtazama Koplo, Koplo akatoa kalamu. "Nieleze kama unamweleza mtoto wa dada yako," Shangazi alisema. "Fanksheni ni nini?"

Nukta alivuta pumzi. "Tableti haiandiki kwenye waraka wa mgonjwa yenyewe. Inatuma maandishi tu, kwa muundo tunaouita JSON. Yakifika kwenye seva, ile kompyuta kuu, ni herufi, mstari mmoja mrefu, hauna maana yoyote. Pale kwenye seva kuna programu fupi inayoyasubiri. Ndiyo hiyo fanksheni ya kusasisha. Inayafumua yale maandishi yawe data, inauchukua waraka wa zamani wa mgonjwa, inabadilisha panapotakiwa, halafu inaukabidhi waraka kwa hifadhidata. Hakuna badiliko linaloingia bila kupitia mikononi mwake."

"Mikono ya nani hiyo?"

"Ya mistari michache, Shangazi. Inaenea kwenye kiganja changu. Na wagonjwa wote wa hospitali hii wanapita humo, usiku na mchana."

Shangazi alijaribu kuwaza umati ule wa mapokezi, wazee, wajawazito, watoto wenye homa, wote wakipita katika kitu kinachoenea kiganjani.

"Na unajuaje imebadilishwa?"

"Kwa sababu nayo ni waraka ndani ya hifadhidata ile ile. Kila waraka ukiguswa unapata toleo jipya, na namba ya toleo hairudi nyuma. Mimi naijua namba ya fanksheni hiyo, naiona kila siku. Leo mlipokuwa mnapanda mzani nimeitazama. Imeongezeka moja."

"Lini?"

"Asubuhi ya pili baada ya sindano. Na dakika chache baadaye mtu akaamuru seva isafishwe, matoleo yote ya zamani yafutwe. Usafi huo unajiendesha wenyewe kila Jumapili. Siku ile haikuwa Jumapili."

"Nani mwenye uwezo wa kuamuru hayo?"

Nukta aliangalia chini, akavuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole. "Mmoja tu."

"Kwa hiyo ushahidi umefagiliwa."

"Kwenye seva kubwa, ndiyo." Akainua uso. "Lakini kuna ya akiba. Iko kwenye zahanati yetu ya ng'ambo ya barabara. Kila kinachoandikwa huku kinanakiliwa kule papo hapo. Nilipoisimika nilikusudia kuiwekea ratiba ya usafi, nikasahau. Sidhani kama kuna anayekumbuka kwamba ipo."

* * *

Ilikuwepo. Waliikuta nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, kwenye stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika, imewekwa sakafuni na kuegemezwa ukutani. Boksi jeusi, vumbi juu yake unene wa kidole, taa moja ndogo ya kijani inapepesa. Ukutani ng'ambo mashine za kufulia zilikuwa zikizunguka, na stoo nzima ilitetemeka kidogo.

"Hii?" Koplo aliuliza.

"Hii," Nukta alisema. Alipangusa kigoda kwa sweta lake, akakaa, akaunganisha kompyuta yake ndogo, akaanza kuandika.

Shangazi alisimama nyuma yake. Alikuwa ameingia katika vyumba vingi vyenye siri: vyumba vya wafu, vyumba vya wapenzi, magodauni ya watu wanaoficha mali. Hakuna kilichowahi kufunguka hivi. Kila waraka Nukta aliougusa ulikuwa na wenzake chini yake, toleo baada ya toleo, hadi siku mgonjwa alipoingia hospitalini mara ya kwanza. Mtoto alizaliwa na kilo mbili na nusu, toleo lililofuata ana tatu, halafu chanjo, halafu jino lililong'olewa. Mzee fulani aliacha sigara, akairudia, akaiacha tena. Hapakuwa na kilichosahauliwa. Boksi lililokuwa kati ya magongo lilikuwa limeyashika yote bila kuulizwa na mtu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, kama yuko mahali pa ibada.

"Fundi cherehani huyu hapa," Nukta alisema. "Angalia. Jioni."

"mzio": ["penisilini"]

"Na asubuhi, dakika ile Sista aliyoandika uzito."

"mzio": []

"Kwa hiyo aliandika kweli," Koplo alisema.

"Aliandika kweli. Sasa tuone nani alifuta." Nukta alifungua waraka mwingine. "Hii ndiyo fanksheni ya wiki iliyopita. Nailetea mgonjwa wa uongo. Shangazi, nikuandike tena?"

"Niandike. Uzito weka wowote upendao."

Nukta alimwandikia mzio wa nyuki. Ukaonekana. Kisha akatuma maandishi yale yale ambayo tableti hutuma mtu anapopimwa uzito, akabonyeza. Shangazi aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

Nyuki hawakuwepo. Mabano mawili ya mraba yalikuwa yanamtazama, hayana kitu ndani.

Mashine za kufulia zilisimama kwa pamoja, zikaanza kuzunguka upande mwingine.

"Rudia," Shangazi alisema.

Nukta alirudia. Walipotea tena. Mara ya tatu, wakapotea. Kulikuwa na kitu cha kustaajabisha katika utii ule: kitu kidogo, kisicho na jicho wala nia, kikitekeleza sawasawa kilichoambiwa, na kwa utii huo huo karibu kimuue mtu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kompyuta za zamani zilikuwa zinatuma kilichojazwa tu. Ukipima uzito, zinatuma uzito peke yake." Nukta alionyesha kwa kidole. "Tableti mpya zinatuma fomu nzima. Sehemu ambayo hukuigusa nayo inatumwa, tupu. Sista aliandika uzito, tableti ikatuma uzito, na pembeni ikaweka mabano matupu ya mzio."

"Ikamaanisha hana mzio?"

"Haikumaanisha chochote. Haikuulizwa. Lakini fanksheni ilipoyafumua maandishi, ikasoma mabano matupu ikaelewa: orodha sasa haina kitu. Ikaitoa ya zamani, ikaweka hiyo."

Shangazi aliketi polepole juu ya kiti cha magurudumu kisicho na gurudumu moja. Miaka yote ya kazi yake alikuwa akiwafundisha makoplo jambo hilo hilo. Shahidi akisema hapana, umeandika hapana. Shahidi akinyamaza, huna ruhusa ya kumwandikia hapana. Watu wamefungwa kwa sababu ya kuchanganya hayo mawili. Hakudhani kama kuna mtu aliyelazimika kuifundisha mashine.

"Mtu ambaye hajajibu, na mtu aliyejibu hakuna," alisema.

"Ndiyo hivyo. Mimi niliiandikia mstari: ukiletewa kitu kitupu, usikiguse cha zamani. Mkuu aliuondoa miezi miwili iliyopita, madaktari walipolalamika kwamba aleji iliyoandikwa kimakosa haifutiki. Wakati ule haikuwa na madhara. Halafu tableti zikaja." Nukta alisonya, akijisonya mwenyewe. "Wala hatukujaribu viwili hivyo kwa pamoja."

"Na baada ya sindano akaurudisha mstari kimya kimya, akafagia nyayo."

"Na mkatupima tukiwa wasafi."

Shangazi alikuwa ameshainuka. Kitu kilikuwa kimemjia.

"Nukta. Sista si muuguzi pekee anayepima uzito hospitali hii."

Nukta aligeuka. Aliirudia kompyuta na vidole vikaanza kukimbia. Aliliuliza lile boksi swali moja: nyaraka zipi zilikuwa na orodha ya mzio yenye kitu, kisha toleo lililofuata likawa tupu. Taa ya kijani ilipepesa haraka haraka. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Yalishuka, yakashuka, yakajaza kioo yakaendelea kushuka. Koplo aliacha kuandika.

"Mia tatu na ushee," Nukta alinong'ona. "Mstari umerudishwa, lakini aleji zao hazikurudishwa. Angezirudisha, watu wangeuliza zilikwenda wapi."

"Waliolazwa leo ni wangapi?"

"Kama arobaini hivi. Huyu..." Kidole kilisimama. "Huyu dereva wa trekta. Penisilini. Anapasuliwa bawasiri leo, saa tano."

Ilikuwa saa tano kasoro kidogo. Kabla ya upasuaji huchomwa sindano ya kuzuia maambukizi. Shangazi alikuwa na namba ya daktari wa zamu. Alimhoji mara mbili wiki ile, na mara zote mbili hawakuachana vizuri.

"Inspekta, niko kazini," sauti ilisema.

"Mgonjwa wa bawasiri. Dereva wa trekta. Amechomwa chochote?"

"Kama ni yale mambo ya—"

"Daktari, nakuomba kama mwanao. Ana aleji ya penisilini. Kioo chako kinakudanganya, kama kilivyokudanganya mara ya kwanza. Muulize mwenyewe, kama bado anaweza kusema."

Walisikia viatu, mlango, sauti ya mtu akiulizwa na sauti nzito ya usingizi ikijibu. Kisha ikasikika pumzi moja ndefu.

"Sindano ilikuwa mkononi mwa sista wa zamu," daktari alisema. Ile sauti ya ubishi ilikuwa imemtoka yote. "Amesema ndiyo. Amesema aliwahi kuandikisha. Shangazi, ni wangapi wengine?"

"Wengi. Simamisha kila sindano mpaka mgonjwa aulizwe kwa mdomo. Wodi zote. Sasa hivi."

* * *

Mkuu wa mifumo alikuwa mezani kwake. Alipoona Nukta ameingia nyuma ya polisi, aliweka kikombe chini taratibu. Shangazi hakuketi.

"Ulirudisha mstari asubuhi ya pili," alisema. "Halafu ukasafisha seva."

"Matengenezo ya kawaida."

"Akiba ya zahanati haikusafishwa."

Shati lake lililonyooshwa lilionekana ghafla kama limevaliwa na mtu mwingine.

"Ulijua kwamba si yule fundi cherehani peke yake? Ulijua kuna wengine wamefutiwa?"

Alinyamaza. Kiyoyozi kilivuma. Shangazi alisubiri, akasubiri tena, kisha akamwona Koplo anaandika.

"Umeandika nini?"

"Kwamba amekana, Afande."

"Hajakana. Kata. Andika: hakujibu."

Mkuu alifumba macho. "Nilitaka nipate siku mbili tatu," alisema hatimaye. "Nizirudishe kidogo kidogo, bila fujo."

"Na Sista?"

Hilo nalo hakulijibu, na Koplo aliandika ilivyokuwa.

"Zinahitaji kurudishwa sasa," Nukta alisema. "Ruhusa ya kuandika kwa wingi kwenye seva kubwa unayo wewe tu, bosi."

Mkuu alivuta kibodi kwake. Vidole vilikosea nenosiri mara ya kwanza. Mara ya pili liliingia. Akainuka, akaacha kiti wazi, akasimama ukutani kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

Nukta alikaa. Kwa kila mgonjwa aliandaa ujumbe mfupi wenye kitu kimoja tu ndani yake: mzio, kama ulivyokuwa siku ulipoandikwa. Hakuweka uzito wala kitu kingine chochote. Akautuma mmoja, akaukagua. Akatuma wa pili. Kisha akaachia yote.

Shangazi aliyaona yakipita. Mstari wa herufi unafika, fanksheni inaufumua, inauchukua waraka, inaangalia kilichomo na kilicholetwa, inaukabidhi. Jibu linarudi: imekubaliwa. Imekubaliwa. Imekubaliwa. Ndani ya mabano yaliyokuwa matupu maneno yalikuwa yanaota: penisilini, salfa, aspirini, iodini, mayai. Kila neno lilikuwa ni siku fulani ambayo mtu alikaribia kufa, na mama yake akaikumbuka, akaisema kwa muuguzi, muuguzi akaiandika. Mistari ile ile michache ilikuwa inafanya kazi, kwa utii ule ule.

Shangazi aligundua amesimama mikono kichwani. Hakuishusha.

* * *

Jioni, muuguzi alipofunguliwa mlango, alirudishiwa kamba za viatu. Shangazi alimsimulia yote, muuguzi amechuchumaa anazifunga. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nahitaji mtu wa kunipeleka hospitali," alisema alipomaliza kuzifunga.

"Nyumbani wanakusubiri."

"Najua. Nitachelewa."

Walipanda pamoja hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Mume wa fundi cherehani alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, amekaa hapo tangu siku ya kwanza, ndevu zimeota ovyo. Mashine ya kupumulia ilikuwa imeondolewa mchana ule; mkewe alikuwa anapumua mwenyewe, macho yamefumba. Mume alipomwona muuguzi alisimama ghafla, na Shangazi akajiweka katikati yao.

"Kaka, nisikilize kwanza," alisema. Akamweleza, kwa maneno machache, juu ya uzito na mabano, juu ya yule aliyejua akanyamaza, juu ya mia tatu na ushee, juu ya dereva wa trekta.

Mwanamume alisikiliza akimtazama muuguzi.

"Sista, nimekutukana mbele za watu."

"Ulikuwa na mgonjwa, shemeji," muuguzi alisema. "Nipishe niiangalie dripu yake."

Alimpisha. Alimtazama akigonga mrija kwa ukucha, akiinua shuka, akiugusa mguu wenye kidonda. Kisha akamgeukia Shangazi, na machoni mwake kulikuwa kumeingia kitu ambacho hakikuwepo.

"Hao watu wote," alisema. "Mngewajuaje, kama huyu asingeanguka?"

Katika mbio za siku nzima Shangazi hakuwa amelitazama jambo hilo kwa upande huo.

"Tusingewajua," alisema.

Mwanamume aliitikia kwa kichwa. Akavuta kiti chake karibu kabisa na mto, akainama hadi mdomo ukagusa sikio la mkewe, akaanza kumhesabia polepole: kuna dereva wa trekta, mama watoto, yuko hai kwa sababu yako, kuna mtoto wa wodi ya chini, kuna bibi mmoja ambaye hata humjui.

Vidole vya fundi cherehani vilijikunja juu ya shuka, vikalishika.